Uliza Safari: Mwanza na Entebbe ni pua na mdomo, mbona tiketi inazungukia Dar?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi Nyakato, nauza spea za pikipiki. Dada yangu kaolewa Entebbe na mwezi ujao anabatiza mtoto, kaniambia nimpeleke mama akamuone mjukuu. Sasa nimechanganyikiwa. Niliingia mtandaoni nikaandika Mwanza mpaka Entebbe nikaambiwa kilomita 280, ndege dakika 50. Nikafungua ramani ya simu ikasema karibu kilomita 700, safari ya kutwa nzima. Nikaenda kwa wakala wa tiketi akanipangia kupitia Dar, karibu nusu siku na pesa ndefu. Nani mkweli hapo? Mama ana miaka 67 na miguu inamsumbua.

JIBU: Kaka, wote watatu wamekwambia ukweli, ila kila mmoja kapima njia yake. Wa mtandaoni kapima hewani, mstari ulionyooka toka uwanja mpaka uwanja. Simu imepima barabara, na barabara haipiti juu ya maji, inabidi izunguke ziwa upande wote wa magharibi. Wakala yeye kaangalia ndege zilizopo kwenye kompyuta yake kwa tarehe ile uliyomtajia, na hapo ndo pesa yako inapoamuliwa. Ngoja tuzipitie moja moja, maana swali hili linakuja sana na watu wengi wanaishia kukata tiketi kwa hasira.

Tuanze na hiyo 280 kwa sababu wengi hawaiamini. Wala huhitaji mtandao, kalamu na karatasi vinatosha. Sisi huku tuko karibu na Ikweta, na karibu na Ikweta nyuzi moja ya ramani ni kama kilomita 111 ukienda kaskazini au kusini, na ukienda mashariki au magharibi ni hizo hizo 111 (Ulaya huko hesabu hii ingekataa, maana mistari ya longitudo inabanana kadri unavyosogea kwenye ncha ya dunia). Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini ya Ikweta na nyuzi 32.93 mashariki. Uwanja wa Entebbe uko nyuzi 0.04 kaskazini na nyuzi 32.44 mashariki. Kwa hiyo toka hapa kwetu unapanda kaskazini nyuzi 2.48, zidisha mara 111 unapata kilomita 275. Na unasogea magharibi nyuzi 0.49, hiyo ni kilomita 54. Sasa ile hesabu ya pembetatu ya Pithagorasi tuliyofundishwa shuleni: 275 mara yenyewe jumlisha 54 mara yenyewe, tafuta kipeo cha pili, inakuja 280. Umeona? Namba yako ya mtandaoni iko sawa kabisa, na kwa njia hii unaweza kupima viwanja vyovyote viwili vya ukanda wetu bila kumuuliza mtu.

Dakika 50 nazo ni za kweli. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 ikishatulia juu inakimbia kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo kilomita 280 peke yake ni dakika 34 hivi. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inatembea chini mpaka kwenye njia ya kurukia, inasubiri ruhusa, inapaa taratibu, na kule mbele inashuka na kujipanga kutua, hayo yote yanakula dakika 15 mpaka 20. Na usidhani ndege ya jeti ingekuokolea muda mwingi. Airbus A220 juu kabisa inafika kama kilomita 830 kwa saa, ila kwenye safari fupi hivi ikimaliza kupanda tu inaanza kushuka, utaokoa dakika chache basi. Ukitaka kuhakikisha angalia Nairobi na Kisumu. Pale nako ni kilomita 280 hivi hivi kwa mstari ulionyooka, na abiria wa pale wanakaa hewani chini ya saa moja.

Kuna kitu kingine kinachobadilisha hizo dakika, nacho ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, hewa baridi inateremka kutoka pande zote kwenda ziwani, zikikutana katikati zinaisukuma hewa yenye unyevu juu na mawingu ya radi yanajengeka. Ndo maana wavuvi wetu wanapigwa na radi na upepo usiku wa manane na alfajiri wakati mjini hata tone hamna, na mchana mambo yanageuka, mvua inahamia nchi kavu. Rubani akikuta wingu la namna hiyo mbele yake halipiti katikati, analizunguka, na 280 yako inaweza kuwa 300 na zaidi bila wewe kujua. Ikitokea umeambiwa safari imechelewa asubuhi kwa ajili ya hali ya hewa ziwani, usigombane na dada wa kaunta.

Na ukibahatika kupata ndege inayokwenda moja kwa moja, kaka, mkalishe mama dirishani. Ukishaacha Mwanza, upande wa kulia unaiona Ukerewe na nyuma yake Ukara, mashamba yamepangana mpaka ukingoni mwa maji, halafu ni maji matupu kwa muda mrefu, na ukikaribia kushuka visiwa vya Ssese vinatokea kushoto, vimejaa msitu. Ikweta mnaivuka dakika za mwisho kabisa, maana uwanja wa Entebbe uko kilomita kama 4 na nusu tu kaskazini yake, hapo ndege imeshashusha magurudumu.

Sasa njoo kwa wakala wako. Njia fupi za kuvuka ziwa namna hii zinafunguliwa na kufungwa kutegemea abiria na ndege alizonazo kampuni, kwa hiyo usifuate alichokwambia jirani aliyesafiri mwaka juzi. Andika MWZ (Mwanza) kwenda EBB (Entebbe) na tarehe yako kwenye ukurasa wa kampuni zenyewe, jaribu na siku mbili tatu za kabla na za baada, maana njia ndogo haiwi na ndege kila siku. Ukikosa ya moja kwa moja ndo unaingia kwenye kuunganisha, na hapo tazama kilomita zinavyopanda. Mwanza mpaka Dar ni 850, Dar mpaka Entebbe ni kama 1,070, jumla 1,920. Yaani unasafiri karibu mara saba ya umbali wenyewe! Ukipitia Kilimanjaro jumla inashuka mpaka kama 1,115. Ukipitia Nairobi ni kama 980. Kwa hiyo muulize wakala kabla hujalipa: hakuna ya kuunganishia KIA, yaani Kilimanjaro? Hakuna ya Nairobi? Wengi wanakupa ya Dar kwa sababu ndo inatokea ya kwanza kwenye kompyuta.

Hata hivyo kilomita siyo kitu kinachomchosha mtu. Kwenye hiyo safari ya Dar, muda wa hewani ni kama saa tatu na nusu tu ukijumlisha ndege zote mbili, zinazobaki ni za kukaa. Kinachochosha ni hapo katikati na naomba unisikilize vizuri kwa ajili ya mama. Pale Dar ndege nyingi za ndani zinashushia Terminal 2, na za kimataifa zinaondokea Terminal 3, lile jengo jipya lililofunguliwa Agosti 2019. Ni majengo mawili mbali mbali, huendi kwa mguu na mzee na mabegi, unahitaji usafiri. Kama umekata tiketi mbili tofauti, moja ya Mwanza Dar na nyingine ya Dar Entebbe, basi begi unalichukua Dar, unatoka nje, unapanda gari, unapanga foleni upya, unakaguliwa upya, halafu uhamiaji wakugongee muhuri. Na ile ya kwanza ikichelewa, hawa wa ndege ya pili huwadai kitu wala hawakujui, tiketi imekufa. Ukikata tiketi moja yenye vipande viwili kwa kampuni moja au kampuni zinazoshirikiana, ikichelewa ya kwanza wao ndo wanatafuta ya kukupeleka, na mara nyingi begi linaenda lenyewe mpaka mwisho. Bei inaweza kuzidi kidogo. Kwa safari ya mzee ningelipa hiyo ya juu bila kufikiria mara mbili.

Halafu wakati wa kukata tiketi, sema mapema kwamba mama anahitaji kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Usisubiri mpaka mfike uwanjani ndo uanze kutafuta, sema siku mbili kabla kwa uchache, na kikiandikwa kwenye tiketi yake basi kila uwanja mtakaoshukia atakuwepo mtu wa kumsukuma, na mara nyingi kwenye foleni za ukaguzi na uhamiaji mnapitishwa mbele. Wazee wengi wanaona haya, wanasema mimi naweza kutembea. Mwambie mama kwamba ni mwendo mrefu toka mlango wa ndege mpaka nje, na waliokaa kwenye hivyo viti wengi wao wanatembea vizuri tu nyumbani.

Barabara nayo siyo ya kudharau, tena siku hizi. Unatoka stendi ya Nyegezi, Usagara, unavuka Kigongo na Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, halafu Mutukula unaingia Uganda, Masaka, Kampala. Pale Kigongo ndo palikuwa panaua safari. Mnafika mnakuta foleni ya malori, mnashuka kwenye basi mnakula samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma mkiangalia kivuko kiko upande wa pili, na hakuna aliyejua mtavuka saa ngapi. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita kama 3 juu ya maji, basi linapita kwa dakika chache na limenyooka zake Sengerema. Hii imebadilisha safari ya Bukoba kuliko kitu kingine chochote na watu wa Geita na Kagera wanastahili kabisa kufurahi.

Ila kilomita 700 ni kilomita 700, na basi mwisho wake ni Kampala, Entebbe unarudi tena kusini kilomita kama 40. Wewe mwenyewe ukiwa na begi la mgongoni ningekwambia panda basi, lala Bukoba, asubuhi vuka Mutukula ukiwa na nguvu. Pale mpakani siku hizi ni kituo kimoja, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Uganda kwenye jengo moja, unahama dirisha tu. Kwa mama wa miaka 67 mwenye miguu inayouma sikushauri. Njia ya kati na kati ni hii: tafuteni ndege ya Mwanza Bukoba, ni kilomita 174 tu, mama apumzike usiku mmoja pale, kesho yake mkodi gari dogo mpaka Mutukula, kilomita kama 80, mvuke, na mume wa dada aje awapokee na gari upande wa pili. Toka mpakani mpaka kwao ni barabara ya lami mwanzo mwisho, ukianza asubuhi mchana mko mezani. Piga hesabu ya bei ya hii na ile ya Dar kwa watu wawili, halafu amua na dada yako.

Pasipoti hakikisheni ziko hai. Viza ya Uganda hamhitaji, sisi ni Afrika Mashariki, lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Waganda, Wakenya na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao tangu 2014, Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kama mama hana pasipoti na muda umebana, nendeni ofisi ya uhamiaji mkoa mkaulize hati ya dharura.

SWALI: Mwangaluka mhariri. Mimi ni mama wa Buhongwa. Mwanangu anafanya kazi Kigali, kanitumia tiketi ya ndege ya Dar kwenda huko. Inasema inaondoka 16:05 na kufika 16:50. Dakika 45! Ya kurudi inaonesha karibu saa tatu. Jirani yangu kaitazama akasema tiketi hii ya kughushi, ndege gani inaenda dakika 45 na kurudi saa tatu. Nina wasiwasi nimuulize mwanangu au nitamuudhi?

JIBU: Mwangaluka mama, na shikamoo. Tiketi ni nzima, lala usingizi. Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Sisi, Kenya na Uganda saa zetu ni sawa, Rwanda na Burundi wako nyuma. Na tiketi ya ndege siku zote inaandika saa ya pale ndege ilipo, ya kuondoka ni saa ya Dar, ya kufika ni saa ya Kigali. Kwa hiyo ukitua Kigali saa ya ukutani kwao inasema saa kumi na dakika 50 jioni, na sisi hapa Mwanza muda huo huo ni saa kumi na moja na dakika 50. Safari yenyewe ni saa 1 na dakika 45. Wakati wa kurudi ile saa moja mliyopewa inachukuliwa, ndo maana inaonekana karibu saa tatu. Dar na Kigali ni kama kilomita 1,140, dakika 45 haitoshi kwa ndege yoyote ya abiria.

Inaniuma kidogo kukwambia mama, ila kwa mstari ulionyooka Mwanza na Kigali ni kilomita 315 tu. Unaenda Dar kilomita 850 kuelekea mashariki, halafu unageuka unarudi magharibi, na njia iliyonyooka ya Dar Kigali inapita karibu kabisa na Shinyanga! Yaani baada ya kutoka Buhongwa unarudi kupita jirani na nyumbani ukiwa juu hewani. Kama afya inaruhusu, safari nyingine muulize mwanao kuhusu basi la kupitia Rusumo, barabarani ni zaidi ya kilomita 500 na daraja la Kigongo limeokoa muda mwingi upande huo pia. Ukifika kule kumbuka magari yao yanatembea kulia, kabla ya kuvuka barabara tazama kushoto kwanza.

Na kwa kuwa umeleta tiketi, nimalizie na hizi saa za kuandikwa kwa mtindo wa 24, maana zinawapotezea watu safari kweli kweli. Kuanzia 07 mpaka 18 toa sita, 16 toa sita ni saa kumi, 14 toa sita ni saa nane mchana. Kuanzia 19 mpaka 23 ni vile vile toa sita halafu toa 12 tena, 21 inakuwa saa tatu usiku. Alfajiri ndo unaongeza sita: 00 ni saa sita usiku, 01 ni saa saba, 05 ni saa kumi na moja alfajiri. Mtego mkubwa uko kwenye 00. Tiketi ikisema Jumanne 00:50 watu wanajiandaa Jumanne jioni, wanafunga mabegi, wanaagwa na ukoo mzima, wanafika uwanjani wanakuta ndege iliondoka jana yake usiku. Kwa Kiswahili huo ni usiku wa kuamkia Jumanne, uwanjani unatakiwa uwepo Jumatatu jioni. Ukiona 00 au 01 kwenye tiketi, chukua kalamu andika pembeni siku ya kutoka nyumbani.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Ilemela. Nimepima Mwanza na Entebbe kwenye mtandao ikaleta namba tatu, 280, 174 na 151. Mwalimu wa jografia anasema 280. Hizo nyingine ni za nini?

JIBU: Mwalimu yuko sawa mdogo wangu, 280 ni kilomita. 174 ni maili za nchi kavu, maili moja ni kilomita 1.609. 151 ni maili za baharini, moja ni kilomita 1.852, na hizi ndo marubani na manahodha wanazitumia duniani kote. Utajiuliza kwa nini wasitumie kilomita kama watu wengine. Chukua nyuzi moja ya latitudo igawe mara 60, kila kipande kinaitwa dakika, na urefu wa dakika moja ardhini ndo maili moja ya baharini. Kwa hiyo rubani akitazama ramani yake ya latitudo anasoma umbali moja kwa moja. Jaribu mwenyewe: kutoka Mwanza kwenda Entebbe unapanda nyuzi 2.48, zidisha 60 unapata karibu 149, changanya na kile kipande kidogo cha kusogea magharibi kwa hesabu ya Pithagorasi, ndo hiyo 151 hivi. Mpelekee mwalimu wako hesabu hii darasani, atafurahi.

SWALI: Mhariri nipo mwaloni Kirumba nauza dagaa. Nina mteja Kisumu anataka nikamuone tuandikiane mkataba. Kuna faida ya kwenda kwa ndege?

JIBU: Hapana. Kwa mstari ni kilomita 329, lakini kwa ndege utapitishwa Nairobi, 461 kwenda na 280 nyingine kurudi magharibi, na utasubiri pale katikati. Barabara ya kupitia Sirari ni kati ya kilomita 450 na 500, inafuata ziwa upande wa mashariki bila kuzunguka sana. Panda basi Nyamhongolo mapema asubuhi, na hiyo nauli ya ndege iongezee kwenye mtaji.

SWALI: Nasafiri kwenda Uganda kwa ndege kwa mara ya kwanza. Kuna kijana kaniambia kadi ya njano ananitengenezea kwa dakika tano bila kuchomwa sindano. Ni lazima kuwa nayo? Naishi Igoma.

JIBU: Ni lazima, na huyo kijana mkimbie. Uganda inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayeingia mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja, na ukirudi huku Tanzania nayo inakidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Uganda ikiwemo. Watu wanasema mbona rafiki yangu alipita hakuulizwa. Inatokea, kama ambavyo trafiki hasimamishi kila gari. Ila ukiulizwa huna, unaweza kurudishwa au kuchomwa pale pale na kulipishwa, na kadi ya kununua ikigundulika ni kesi nyingine kabisa. Zaidi ya hapo ugonjwa wenyewe upo, unaenezwa na mbu na hauna dawa ya kuutibu, madaktari wanachofanya ni kukusaidia mwili upambane. Sindano ndo kinga.

Cha kukumbuka ni siku 10. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichomwa Ijumaa ukasafiri Jumatatu kadi yako bado haijawa halali hata kama umechomwa kweli. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi moja inatosha maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haihitaji kurudiwa, kwa hiyo itunze pamoja na pasipoti usiiache kwenye droo.

Na hapa namrudia yule kaka wa Nyakato. Mama yako ana miaka 67, na kwa waliofika miaka 60 ambao hawajawahi kuchanjwa, chanjo hii inatolewa kwa uangalifu zaidi, vile vile kwa wajawazito na wenye kinga dhaifu, na watoto walio chini ya miezi 9 kwa kawaida hawapewi. Kabla hujalipa tiketi yoyote, iwe ya Dar au ya Bukoba, mpeleke kwanza kwa daktari anayemjua amuangalie. Daktari akiona haifai kwake, anaweza kumwandikia cheti rasmi cha kueleza hivyo, na mtasafiri nacho. Ubatizo ni mwezi ujao, zile siku 10 zipo, lakini nenda wiki hii.